Kabla hamjawawekea sumu paka wa gulio, someni hesabu hii

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na hifadhi ya mahindi, na kwa namna fulani ndiko nilipo. Ila leo nitazungumzia paka. Naomba usicheke mpaka ufike mwisho.

Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye kikao cha wafanyabiashara wa gulio katika kijiji kimojawapo cha kata yangu. Ajenda ilikuwa moja tu: paka. Mama mmoja muuza dagaa alisimama akasema, "Bwana mifugo, nikigeuka kidogo tu kurudisha chenji, beseni limeshapinduliwa. Hatutaki maneno mengi. Tuletee dawa." Mzee mwenye mashine ya kusaga akamuunga mkono. Paka wanapigana juu ya bati usiku kucha, wanazaa kwenye magunia yake ya pumba, na mjukuu wake amekwaruzwa mkono. Watu wakachanga hela palepale, wakanikabidhi ninunue sumu.

Sikuzipokea. Nikajaribu kueleza, lakini mvua ilikuwa inakaribia na kila mtu anafunga mzigo wake. Tukakubaliana tukutane tena mwisho wa mwezi. Makala hii ndiyo maelezo yangu ambayo siku ile hayakumalizika, na nawaandikia nyote kwa sababu tatizo hili halipo kijiji kile tu.

Msimamo wangu ni huu: paka wa gulio wasiuliwe kwa sumu, na pia wasiachwe wazaliane kiholela. Njia ya tatu ipo, na hesabu yake inalipa.

Kwanza nikiri kosa langu

Miaka michache nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, panya walifumuka katika kitongoji kimoja muda mfupi kabla ya kupanda. Wakulima walikuwa wanafukua mbegu asubuhi na kukuta mashimo matupu. Nikagawa chambo cha sumu. Nilieleza vipimo, nilieleza kunawa mikono, nilieleza watoto wasiguse. Sikueleza kuwafungia paka ndani. Sikueleza kuokota na kufukia mizoga ya panya.

Ndani ya wiki mbili paka wa kitongoji kile walikuwa wamekwisha. Bibi mmoja aliniletea wake ndani ya kikapu, damu inamtoka puani. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na huyu naye alikula mbegu zenu?" Nilikosa la kusema. Paka yule alikufa jioni ile.

Panya walipungua kweli. Lakini kufikia mavuno walikuwa wamerudi, na safari hii hapakuwa na paka hata mmoja wa kuwasumbua. Nilishuhudia mtu akibadilishana jogoo na mtoto wa paka kutoka kijiji cha pili. Ndiyo maana nikisikia "tuletee dawa" moyo unanipiga.

Ngoja nieleze kilichotokea. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani, kama zile zenye bromadioloni, huzuia damu kuganda. Panya hafi siku hiyohiyo. Huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo anazubaa, anatembea mchana, anashindwa kukimbia. Paka anamkamata kirahisi, anakula na sumu iliyo mwilini mwake. Mbwa na bundi wanaweza kupata hatari hiyohiyo.

Sasa linganisha uzazi. Panya shamba, yule anayetusumbua sana mashambani Tanzania, hubeba mimba kwa siku 23 hivi na anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, akazaa watoto watatu hadi watano. Ukiua wote wawili kwa pamoja, nani atarudi kwanza? Jibu unalo.

Paka wapo wa aina tatu

Kosa kubwa tunalofanya ni kuwaita wote "paka" na kutaka dawa moja.

Wa kwanza ni paka wa nyumbani. Ana mwenyewe, analala kwako, unajua jina lake au angalau rangi yake.

Wa pili ni paka wa mtaani. Alizaliwa au aliwahi kuishi kwa watu, kisha akapotea, akafukuzwa, au mwenyewe akahama bila yeye. Huyu ukimpa dagaa siku tatu nne atakusogelea. Anaweza kurudi kuwa paka wa nyumbani.

Wa tatu ni shume. Huyu amekua bila kushikwa na mtu. Mtoto wa paka huzoea binadamu hasa akiwa na umri wa kati ya wiki mbili na wiki saba. Kipindi hicho kikipita bila kushikwa, mara nyingi atamwogopa mtu maisha yake yote. Ukimbana kwenye kona anararua. Hana roho mbaya, anajitetea tu. Usipoteze nguvu kumfanya awe wa kupakatwa.

Wapo pia kimburu, paka wa asili wa porini wa Afrika, ambao ni wanyamapori kamili. Hao hawahusiki na kikao chetu, ingawa paka wote tunaofuga wana asili moja na wao. Babu zao walisogelea makazi ya watu maelfu ya miaka iliyopita kwa sababu watu walianza kuhifadhi nafaka, na nafaka ikaleta panya. Kule kisiwani Kupro yalipatikana mabaki ya paka aliyezikwa karibu na mtu miaka 9,500 hivi iliyopita. Kwa hiyo urafiki wetu na paka una historia ndefu inayoanzia ghalani.

Nilipohesabu paka wa gulio lile asubuhi moja, wengi walikuwa wa aina ya pili. Maana yake walitoka majumbani mwetu. Mtu ana jike, jike linazaa, watoto wanawekwa kwenye kiroba na kwenda kuachwa gulioni "watapata riziki huko." Wale tunaotaka kuwaua tuliwapeleka wenyewe.

Hesabu ya uzazi

Huenda umewahi kuona bango linalosema paka mmoja na uzao wake wanaweza kufikia paka 420,000 kwa miaka saba. Usiliamini. Hesabu ile inachukulia kwamba hakuna mtoto hata mmoja anayekufa.

Hali halisi ni tofauti, na inasikitisha zaidi. Watafiti wa North Carolina, Marekani, walifuatilia paka wasio na mwenyewe na kutoa matokeo mwaka 2004. Jike alizaa wastani wa mara 1.4 kwa mwaka, na mzao wa kawaida ulikuwa watoto watatu. Katika kila watoto wanne, watatu walikufa au kupotea kabla ya kufikisha miezi sita.

Chukua gulio lenye majike kumi. Kwa hesabu hiyo watazaliwa watoto 42 kwa mwaka. Kama 31 watakufa, wengine chini ya magurudumu, wengine kwa mbwa, wengine kwa njaa nyuma ya vibanda, watabaki 11. Karibu nusu yao ni majike. Na jike linaweza kupata joto likiwa na miezi minne hadi sita tu, hata kabla halijamaliza kukua. Linaweza kushika mimba nyingine wakati bado linanyonyesha. Mwaka unaofuata una majike kumi na tano.

Kwa hiyo tatizo halisubiri laki nne. Paka kumi na mmoja kwa mwaka wanatosha kumfilisi muuza dagaa.

Kwa nini sumu haimalizi kazi

Sababu ya kwanza: chakula kinabaki. Paka wako gulioni kwa sababu ya vichwa vya samaki, utumbo wa kuku, mabaki ya mama lishe na panya wa kwenye vibanda vya nafaka. Ukiua paka kumi na tano kati ya ishirini, watano waliobaki watashiba, na watoto wao wengi zaidi watapona. Wengine watahamia kutoka majumbani. Baada ya mwaka mtachanga tena.

Sababu ya pili: sumu gulioni ni hatari kwenu wenyewe. Mahali panapouzwa unga, dagaa na maandazi, penye watoto wanaookota vitu chini, unataka kutupa vipande vya nyama yenye sumu? Na zile sumu za vipakiti visivyo na lebo zinazouzwa kwa kunong'onezana, tafadhali ndugu mfanyabiashara, usiziweke kwenye meza yako. Baadhi ni viuatilifu vikali vya shambani vilivyofungashwa upya. Hazina maelekezo, na daktari akiletewa mtoto hatajua anatibu nini.

Sababu ya tatu ni sheria. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inakataza kumtesa mnyama. Kufa kwa sumu ni mateso. Mimi ni mtumishi wa serikali. Siwezi kupokea mchango wa kuvunja sheria.

Paka ana faida, ila tusimpambe

Wapo wasomaji watakaosema, "Basi tuwaache, watamaliza panya." Nao nawaambia ukweli.

Jijini New York watafiti walifuatilia kundi la panya wakubwa ndani ya kiwanda cha taka ambamo paka waliingia. Kwa siku 79 za uchunguzi waliwaona paka wakiua panya wawili tu. Panya wengine walijificha. Paka hupendelea mawindo madogo na rahisi kuliko panya mkubwa anayeng'ata.

Utafiti mwingine ulio karibu zaidi na maisha yetu ulifanyika kwenye kaya za vijijini Eswatini na kutolewa mwaka 2017. Kaya zilizokuwa na paka peke yake au mbwa peke yake hazikuwa na tofauti kubwa katika nyendo za panya. Kaya zilizokuwa na paka na mbwa pamoja, panya walipunguza sana kutembea na kutafuta chakula. Yaani faida kubwa ni hofu. Panya anayeogopa kutoka anakula kidogo.

Na kila kidogo kina bei. Tukichukulia panya wa darini anakula gramu 20 za nafaka kwa siku, kwa mwaka ni kilo 7 na zaidi. Panya thelathini ni kilo 219, magunia mawili ya kilo mia na kitu juu. Hapo sijahesabu anayoyachafua kwa mkojo na mavi, wala mifuko anayotoboa. Mfuko wa kuzuia hewa ukitobolewa, wadudu nao wanaingia.

Kwa hiyo paka ni msaidizi. Kazi ya kwanza ni ghala. Inua kihenge juu ya nguzo, vika kila nguzo bati la kuzuia panya kupanda, fyeka majani kuzunguka nyumba, usilaze magunia sakafuni wala kuyaegemeza ukutani. Ukishafanya hayo, paka na mbwa wako watakulipa.

Magonjwa: tusiogope ovyo, tusipuuze pia

Mzee wa mashine aliuliza kuhusu mjukuu aliyekwaruzwa. Ni swali zuri kuliko yote ya siku ile.

Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Sehemu kubwa kabisa ya vifo vya binadamu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, lakini paka akiumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuuambukiza. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake mafuta wala majivu. Dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Chanjo mapema huokoa.

Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kila kampeni ya chanjo, hasa karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, naona foleni ya mbwa na paka wawili watatu. Mlete kwenye kikapu chenye mfuniko au tenga la kuku. Anaingia vizuri tu.

Kuna ugonjwa wa pili ambao wafugaji wa mbuzi na kondoo wengi hawaujui: toksoplazimosisi. Paka, hasa mdogo aliyeanza kuwinda, anaweza kutoa vijidudu vyake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu. Mbuzi mwenye mimba akila pumba au majani yaliyochafuliwa anaweza kutupa mimba. Ndiyo maana paka kuzaa kwenye magunia ya pumba si jambo la kuchekelea. Funika pumba, mashudu na nyasi kavu. Paka akae ghala la mahindi yaliyofungwa, asilale kwenye chakula cha mifugo.

Mama mjamzito naye asizoe kinyesi cha paka, avae glavu au mfuko akilima bustani, anawe mikono na ale nyama iliyoiva. Hakuna haja ya kumfukuza paka nyumbani. Kinyesi kikizolewa kila siku hatari hupungua sana, kwa sababu vijidudu huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo viweze kuambukiza.

Nini kifanyike

Kwa mwenye paka nyumbani:

1. Baki na paka mmoja au wawili, na uwafunge uzazi. Dume huhasiwa, jike hufungwa kizazi. Mimi nina stashahada; upasuaji wa jike ni kazi ya daktari wa mifugo, si yangu, na hakika si ya fundi wa kijijini mwenye wembe. Jiungeni watu kumi, mwiteni daktari siku moja, mgawane nauli yake.

2. Mlishe. Paka anawinda kwa silika, hata akishiba. Mwenye njaa ndiye anayehamia gulioni. Ugali mtupu haumtoshi, kwa sababu mwili wake unahitaji nyama au samaki, na akikosa kwa muda mrefu macho na moyo huathirika. Ugali wenye dagaa kila jioni, na maji safi, humfanya ajue kwao ni wapi.

3. Usimpe paracetamol hata nusu kidonge. Inamuua. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua viroboto. Nyingi zina kemikali ambazo ng'ombe huzivumilia, paka hawezi.

4. Ukilazimika kutumia sumu ya panya, iwe yenye lebo, uiweke ndani ya kisanduku ambacho paka haingii, mfungie paka, na kila asubuhi okota mizoga na uifukie kwa kina.

5. Usitupe watoto wa paka gulioni. Washikeshike kila siku kuanzia wiki ya pili, na wakifikisha wiki nane hadi kumi wape majirani wenye ghala. Kwa uzoefu wangu, msimu wa mavuno hawakosi mteja.

Kwa wafanyabiashara wa gulio:

1. Dagaa wakae juu ya chanja, wafunikwe wavu. Mabaki ya samaki na kuku yaingie kwenye shimo lenye mfuniko kabla ya saa ya kufunga. Hii peke yake itapunguza paka.

2. Paka wanaokubali kushikwa, watafutiwe nyumba. Mashume wakamatwe kwa mtego wa tundu, wafungwe uzazi, wachanjwe, warudishwe. Wakati wa upasuaji daktari hukata ncha kidogo ya sikio, ili ukimwona tena ujue huyu tayari. Wataalamu wengi hushauri angalau saba kati ya kila kumi wafungwe ndipo idadi ianze kushuka.

3. Kelele za usiku juu ya bati ni madume yakigombea majike. Wakishahasiwa, kelele nyingi huisha.

Najua mtaniambia upasuaji ni ghali kuliko pakiti ya sumu. Ni kweli, ukiangalia siku moja. Lakini pakiti ya sumu mtainunua kila mwaka, na kila mwaka mtaenda kutafuta paka wa kubadilishana na jogoo. Jike lililofungwa halizai tena, na linalinda eneo lake kwa miaka kadhaa.

Kwa wale wa kijiji nilichokitaja: mwisho wa mwezi nitakuja. Hela zenu mlizochanga zitunzeni kwa mhasibu wa gulio. Nitakuja na makadirio ya daktari wa mifugo, na mimi nitachangia gharama ya paka wawili wa kwanza kutoka mfukoni mwangu. Nina deni kwa bibi mmoja wa kitongoji kile kingine.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Tuanze kwa kutowafanya wa nyumba wakawa wa gulio.

Una maoni tofauti? Niandikie hapa chini au nisimamishe nikipita na pikipiki. Kazi njema.